Hesabu Kwanza, Fundi Pili, Paneli Baadaye
Hotuba kuhusu sola ya paani na betri za nyumbani

Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya wenye nyumba na wapangaji hapa Mombasa. Yamewekwa yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Salaam aleikum. Na kwa wenzetu, Bwana asifiwe. Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliojibanza mlangoni, karibuni mbele, viti bado vipo.

Nianze na usiku ambao wengi wenu mnaukumbuka. Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Mwajua lililotokea kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi? Abiria walikaa gizani na mabegi yao, kwa kuwa jenereta ya baadhi ya majengo haikuwaka. Sikilizeni vizuri. Jenereta ilikuwapo. Ilishanunuliwa, ilishafungwa, ilishalipiwa. Siku ilipohitajika, haikuwaka. Novemba ya mwaka huo huo giza likarudi, Desemba likarudi tena, na watu wengi wakakimbilia sola.

Sasa nawauliza nyinyi mliokimbilia, na nyinyi mnaotaka kukimbilia: umeme wa akiba mnaoununua, siku ya haja utawaka?

Jua halina lawama. Hapa pwani twapata, kwa wastani wa mwaka, kama saa tano za jua kamili kwa siku, yaani ukilikusanya jua lote la siku liwe kali kama la saa sita mchana. Miezi ya mawingu na mvua, Mei hadi Julai, hupungua na kufika kama saa nne na kidogo. Hilo latosha nyumba ya kawaida. Vyombo vizuri navyo viko sokoni. Kinachoangusha sola nyingi ni mambo mawili: hesabu ambayo haikupigwa, na mikono isiyojua kazi. Na kuna swali moja fupi nataka mlibebe leo, mlitoe kila mtu anapowaambia neno kuhusu sola: imeandikwa wapi? Akisema paneli ni ya wati 550, imeandikwa wapi? Akisema betri ina waranti ya miaka kumi, imeandikwa wapi? Akisema ana leseni, imeandikwa wapi?

Tuanze na hesabu.

Kuna nyumba ya vyumba vitatu, mtaa hatuutaji. Mwenyewe alinunua kitu alichoambiwa ni "sola ya kilowati tano". Akafurahi. Wiki ya kwanza, ikifika saa nne usiku, feni zote zazima. Kumbe kilowati tano ilikuwa ni inveta peke yake, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumia nyumbani. Juu ya paa palikuwa na paneli mbili za wati 450, yaani wati 900. Chini palikuwa na betri mbili za asidi, kila moja volti 12 na ampia-saa 200.

Hebu tuzipige hesabu pamoja. Wati 900 mara saa tano za jua ni wati-saa 4,500. Toa robo nzima ya hasara: joto, vumbi, nyaya, inveta yenyewe. Zabaki kama uniti 3.4 kwa siku. Uniti ni ile ile mnayonunua kwa tokeni, kilowati moja kwa saa moja. Betri mbili zile zikiungwa mfululizo ni volti 24; mara ampia-saa 200, ni uniti 4.8 kwa maandishi. Lakini betri ya asidi ukiimaliza kupita nusu kila siku waiua, kwa hiyo za kutumia ni 2.4.

Na nyumba yataka ngapi? Feni tatu za wati 60, saa kumi: uniti 1.8. Friji nzima ya kawaida: 1.2. Taa kumi za LED za wati 9, saa tano: 0.45. Televisheni ya wati 80, saa sita: karibu 0.5. Pampu ya maji ya wati 750, saa moja: 0.75. Pasi nusu saa: 0.6. Kompyuta ya mtoto wa chuo: 0.36. Kile kidude cha intaneti, wati 10 mchana na usiku: 0.24. Jumlisha. Zakaribia uniti sita. Na usiku peke yake, kuanzia jua linapozama hadi lichomoze, nyumba ile yala uniti tatu. Mtu ana 2.4, anataka 3. Feni zitakosaje kuzima?

Nyumba hiyo ilihitaji nini? Gawanya uniti sita kwa saa za jua za mwezi mbaya, si za mwezi mzuri. Sita gawanya kwa 4.2, kisha gawanya kwa 0.75 kwa ajili ya hasara. Wapata kilowati 1.9. Paneli nne za wati 550 ni kilowati 2.2, zatosha na kubaki kidogo. Betri moja ya lithiamu fosfeti ya volti 51.2 na ampia-saa 100 ni uniti 5.12, na ukitumia asilimia 80 wapata uniti nne. Usiku wataka tatu. Inveta ya kilowati tano aliyoinunua haikuwa mbaya, maana pampu ikiwaka huvuta mara tatu au zaidi ya wati zake kwa sekunde chache. Ubaya ni kwamba alinunua kichwa bila kiwiliwili.

Hesabu hii fanyeni wenyewe kabla ya kumpigia mtu yeyote simu. Hamtaki kuorodhesha vyombo? Basi kwa siku saba, someni mita saa kumi na mbili jioni na tena saa kumi na mbili asubuhi. Andikeni daftarini. Tofauti ya jioni na asubuhi ndiyo ukubwa wa betri yenu. Jumla ya mchana na usiku ndiyo ukubwa wa paneli. Na msisome wiki ambayo mmesafiri, wala wiki ya arusi.

Kuna vyombo ambavyo ushauri wetu ni mviache nje ya betri. Shawa ya umeme inayochemsha maji papo hapo huvuta kilowati nne, tano. Jiko la koili nalo ni mlaji mkubwa. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba, kompresa ikifanya kazi, huvuta kama kilowati moja. Kilaze usiku kucha na chaweza kula peke yake uniti zinazotosha nyumba nzima. Anayetaka kiyoyozi kwa betri si kosa, ila ajue ananunua mfumo mara mbili ya ule. Mchana jua likiwa kali, kiwasheni tu, paneli zitakibeba.

Haya. Tupande juu ya paa.

Wauzaji wa barabarani wana paneli zimebandikwa "1000W" na ukubwa wake ni kama meza ya kahawa. Mtajuaje? Chukueni tepu ya kupimia. Paneli nzuri za siku hizi hutoa kama wati 210 hadi 230 kwa kila mita moja ya mraba. Urefu mara upana mara 220, hapo ndipo mwisho wake. Paneli ya kweli ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.28 na upana wa mita 1.13, na uzito wake ni kama kilo 28. Anayekuuzia wati 1,000 kwenye mita moja na nusu ya mraba anakuuzia stika. Geuzeni paneli, someni nyuma: jina la mtengenezaji, nambari ya modeli, nambari ya mfululizo, volti, ampia. Zidisha volti za kufanya kazi kwa ampia za kufanya kazi, zilingane na wati zilizoandikwa. Zisipolingana, hata tepu hamuihitaji.

Betri nayo ipigeni mzani. Betri ya asidi au jeli ya volti 12 na ampia-saa 200 huwa na uzito wa kilo 55 hivi na kwenda juu, kwa sababu ni madini mazito ya risasi mle ndani. Ukiinua ya kilo 30, hiyo ni ampia-saa 100 iliyovalishwa nguo ya 200. Lithiamu ya uniti tano huwa kama kilo 40 na kitu hadi 50.

Na hapa niseme wazi: kwa nyumba inayotumia betri kila usiku, asidi tuiache. Ni rahisi dukani, ghali nyumbani. Ya asidi, ikishushwa nusu kila siku, wengi huizika ndani ya miaka miwili au mitatu. Lithiamu fosfeti iliyo nzuri huandikiwa mizunguko 4,000 hadi 6,000, na siku moja ni mzunguko mmoja. Asidi pia hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa, inayoweza kulipuka, na bado twaikuta chini ya kitanda cha watoto.

Lakini lithiamu nayo ina adui hapa Mombasa, naye ni joto. Ikikaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 35 siku baada ya siku, maisha yake hufupika. Msiifunge jikoni. Msiifunge chini ya mabati bila dari. Msiifunge kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Ukuta wa upande wa kivuli, hewa ikipita, na nafasi pande zote kama kitabu cha maelekezo kinavyosema.

Paneli zenyewe pia hazipendi joto, ingawa watu hudhani kinyume. Paneli iliyolala juu ya bati saa saba mchana hufika nyuzi 65. Kwa kila nyuzi moja juu ya 25 hupoteza kama asilimia 0.35. Fanyeni hesabu: nyuzi 40 za ziada, asilimia 14 imekwenda. Kwa hiyo fremu iinuliwe, sentimita 10 za hewa zipite chini.

Kwa upande wa mwelekeo msisumbuke sana. Tuko karibu na ikweta, jua hutupita kaskazini miezi kadhaa na kusini miezi mingine. Paa likitazama kaskazini ni zuri, mashariki au magharibi hamtapoteza kitu cha kuwakosesha usingizi. Jambo la maana ni mwinamo wa nyuzi 10 hivi, mvua ioshe vumbi na mavi ya kunguru. Kunguru wetu mnawajua.

Kivuli ndicho kisicho na msamaha. Paneli zikiunganishwa mfululizo, kivuli cha kuti moja la mnazi kwenye paneli moja huvuta chini kazi ya mstari mzima. Tangi jeusi la maji, antena, ukuta wa jirani anayejenga ghorofa: yote hayo fundi ayaangalie asubuhi na alasiri, si saa sita mchana peke yake. Na mnazi wenyewe una neno lingine, nazi. Ikianguka juu ya kioo, waranti hailipi.

Halafu kuna chumvi. Bara hawana habari hii. Fremu iwe ya alumini, bolti na nati ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Bolti za kupakwa zinki tu, karibu na bahari, huanza kutoa machozi ya kutu mapema mno, na upepo wa kusi ukija hauulizi. Skrubu zishike mbao za kenchi, si bati peke yake; zipigwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde linalopita maji, na kila moja iwe na washa ya mpira. Vigae havitobolewi, vina ndoano zake zinazopita chini ya kigae. Paneli zisifike ukingoni mwa paa, maana hapo ndipo upepo hushika na kuinua. Na makuti? Makuti hapana. Nyaya za sola juu ya makuti ni moto uliochelewa. Mwenye paa la makuti asimike fremu chini, uani, pasipo kivuli.

Sasa tufike kwa huyo tuliyemjia hasa. Fundi.

Nani wa kukufungia sola Kenya? Sheria haikuacha pengo. Chini ya kanuni za sola za 2012, fundi lazima awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi na petroli. Madaraja ya mafundi wa sola ni T1, T2 na T3. T1 ni ya mifumo midogo, zile taa na redio. T2 inapanda kidogo. Mfumo tunaouzungumza leo, wenye inveta iliyounganishwa na stima ya Kenya Power, unataka T3. Kampuni inayochukua kandarasi nayo ina leseni yake. Na kwa vile kazi itagusa nyaya za nyumba na boksi la swichi, anayezigusa awe na leseni ya kazi ya stima pia. Mwombeni nambari, kisha muitafute wenyewe kwenye orodha ya EPRA. Mtazame jina, daraja, na tarehe ya kuisha. Imeandikwa wapi? Imeandikwa hapo.

Ila kuna mchezo, na mchezo huu ni mwingi. Leseni imetundikwa dukani kwenye fremu ya dhahabu, mwenye leseni yuko Nairobi, na wanaopanda paani ni vijana wawili walioanza mwezi uliopita. Si kwamba kijana asijifunze. Ajifunze, lakini mwenye T3 awepo, asimamie, na atie sahihi. Kwa hiyo msiulize "mna leseni?" Ulizeni, "nani atakayekuwa juu ya paa langu, na nani atakayetia sahihi?"

Fundi wa kweli mtamjua kabla hajafungua mkoba. Atakuja kuona nyumba. Anayetoa bei kwa WhatsApp bila kuliona boksi lako la swichi, bila kupanda paani, huyo anauza vyombo. Fundi atauliza bili au tokeni za miezi kadhaa. Atauliza pampu ni ya wati ngapi. Atafungua boksi. Atapima ethi, ule waya unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Na mkimpa maswali, atajibu kwa nambari.

Mwulizeni hili: "Betri hii yaruhusu ampia ngapi kutoka?" Watu wengi hawalijui. Betri ya uniti tano nyingine huruhusu ampia 100, nyingine mtengenezaji anapendekeza 50 tu. Volti 51 mara ampia 50 ni kilowati mbili na nusu. Sasa mmefunga inveta ya kilowati tano, mama anapiga pasi, pampu inawaka, na betri yajifungia yenyewe ili isiungue. Nyumba gizani, betri imejaa. Mwenye nyumba anaapa kuwa betri ni mbovu, kumbe haina kosa. Aliyezioanisha ndiye hakusoma karatasi.

Mwulizeni pia: "Waya wa betri ni wa milimita ngapi za mraba?" Inveta ya wati 5,000 kwa volti 48 huvuta zaidi ya ampia 100. Jibu liwe kama 35, na fyuzi yake ya DC, umeme wa betri na paneli nitakaoueleza punde, iwe karibu na betri. Akisema 10, mpeni chai aende. Waya mwembamba huchemka, plastiki huyeyuka, na kabla ya hapo volti hushuka njiani mpaka inveta idhani betri imekwisha. Vichwa vya waya vibanwe kwa mashine ya kubania. Tumeona vilivyopigwa nyundo.

Hapa niombe subira yenu, kwa sababu jambo linalofuata ndilo huchoma nyumba.

Umeme unaotoka kwenye paneli ni wa DC. Umeme wa Kenya Power ni wa AC. Tofauti yake nini kwa mwenye nyumba? Wa AC hugeuka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Swichi ikikata, cheche huzaliwa, inafika sifuri, inakufa. Wa DC hauna sifuri. Cheche ikizaliwa hubaki, kama moto wa kuchomelea vyuma, na inaendelea kuwaka ndani ya kisanduku cha plastiki hadi kitu kiishe.

Fundi asiyejua, au anayetaka kuokoa pesa kidogo, huchukua breka ya kawaida ya AC ya dukani na kuifunga kwenye mstari wa paneli. Itafanya kazi. Itafanya kazi mwaka mzima. Siku ile mtu anaizima ili aoshe paneli, jua likiwa kali, volti 200 zikipita, ndiyo siku itakayowaka. Kwa hiyo breka ya paneli na ya betri ziandikwe DC, na volti zilizoandikwa zizidi volti za mstari. Paneli nne zenye volti kama 50 kila moja zikiwa hazijabebeshwa mzigo, ni volti 200. Na nyingine za DC zina alama ya kujumlisha na kutoa. Zikigeuzwa, nazo huungua. Imeandikwa wapi? Kwenye breka yenyewe, mbele. Someni.

Ndugu zake ni zile soketi nyeusi za MC4 zinazounganisha nyaya za paneli. Zaonekana sawa zote, zaingiana zote, na hazifai kuchanganywa. Ya mtengenezaji mmoja ikiingia kwenye ya mwingine, chuma hakishikani sawasawa, hapo pakawa na joto, na joto likayeyusha. Fundi abebe jozi za aina moja na koleo lake la kuzibana. Nyaya za paneli ziwe za sola, zenye ngozi mbili zisizoliwa na jua, milimita nne au sita, zifungwe kwenye fremu zisilale juu ya bati zikisuguliwa na upepo.

Ethi isiwe ya mapambo. Fremu ya paneli, mwili wa inveta, na boksi, zote zifike kwenye fito moja ya ardhini, na fundi awaonyeshe kwa kipimo ni omu ngapi, yaani umeme unazuiwa kiasi gani kuingia ardhini; twapenda chini ya 10. Awekwe pia mlinzi wa radi, kile kidude kinachoutupa umeme wa radi ardhini, upande wa paneli na upande wa nyumba. Mlinzi huyo bila ethi nzuri hana pa kuutupa umeme.

Sasa kisa cha mita. Mtu amefunga sola, mchana jua kali, nyumba haitumii kitu. Anatazama mita ya tokeni: uniti zinakwenda mbio kuliko kabla ya sola! Uchawi? Hapana. Inveta ilikuwa inasukuma umeme wa ziada nje, na mita nyingi za tokeni huhesabu umeme unaopita bila kujali unaingia au unatoka. Alikuwa analipia umeme anaowapa. Dawa yake ni kile kipete cha kupimia kinachovishwa kwenye waya wa kutoka kwenye mita, na inveta ipangwe isitoe hata wati moja nje. Anayetaka kutoa nje kihalali, kanuni za 2024 zinaruhusu, hadi megawati moja, kwa makubaliano na mita ya pande mbili. Na mnachopata ni salio la nusu ya uniti mlizotoa, si pesa mkononi. Kwa nyumba ya paneli nne, maoni yetu ni kwamba bora kuosha nguo saa sita mchana.

Stima ya Kenya Power ikikatika, inveta yako lazima ikate njia ya kurudi kwenye nguzo, papo hapo. Juu ya nguzo ile kuna mtoto wa mtu anatengeneza waya akijua umekufa.

Mwisho ni siku ya kukabidhiwa, na hapa wengi wenu hutoa pesa haraka kwa sababu taa zimewaka. Taa kuwaka si jaribio. Jenereta ya uwanja wa ndege nayo, tunaamini, iliwahi kuwaka siku moja.

Malipo yagaweni kabla ya kazi, kwa maandishi: sehemu ya kuagiza vyombo, sehemu vikifika na mkavihakiki, na asilimia 10 ibaki hadi majaribio yaishe. Siku hiyo, fundi akiwepo, zimeni swichi kuu ya Kenya Power. Nyumba iendelee? Washeni pasi, kisha pampu, kwa pamoja. Iendelee? Jioni, betri ikiwa imejaa kabisa na paneli zimezimwa, washeni mzigo wa karibu kilowati moja. Pasi au birika hazitafaa, kwa sababu hujikata zenyewe. Taa kubwa au hita ya kawaida ndiyo nzuri. Betri ya uniti 5.12 ikusukume saa nne, nne na nusu. Ikifa saa ya pili, hamlipi. Bonyezeni kitufe cha kupima kwenye swichi ya kinga, ile inayokata mtu akishikwa na umeme, mkiwa mnatumia betri, na mkiwa mnatumia stima. Ikate mara zote mbili. Isipokata, swichi hiyo ni mbovu au haijaungwa sawa. Lakini kitufe hakipimi kama nyutro, waya wa kurudi, na ethi zimeunganishwa inavyotakiwa upande wa inveta; hilo fundi alipime kwa kipimo chake, maana bila hivyo mtu akishikwa na umeme usiku wa giza swichi yaweza isimwokoe. Shikeni kwa nyuma ya mkono vifuniko vya breka na vya boksi baada ya saa moja ya mzigo. Pawe vuguvugu, pasiwe moto.

Karatasi za kudai: mchoro wa mfumo ulio na milimita za nyaya na ukubwa wa kila breka; nambari za mfululizo za kila paneli, inveta na betri; waranti tatu tofauti, ya paneli, ya inveta, ya betri, na ya nne ya mikono ya fundi, zikiwa na jina la wakala aliyeko Kenya, maana waranti ya kiwanda cha ng'ambo isiyo na mlango wa kugonga hapa ni karatasi. Risiti ya mauzo yenye modeli kamili. Nakala ya leseni ya aliyetia sahihi. Na nywila ya programu ya kuangalia inveta iwe yako, kwa simu yako. Wapo wenye nyumba ambao fundi amebadilisha nambari na hawawezi tena kuingia kwenye inveta yao wenyewe.

Kwa nyinyi wapangaji, msitoboe paa la mtu. Betri na inveta mnaweza kufunga bila paneli, mkachaji kwa stima ikiwapo, na siku ya kuhama mkaondoka navyo. Mweleze mwenye nyumba kwanza, na fundi awe yule yule mwenye leseni.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Paneli zioshwe asubuhi zikiwa baridi, kwa maji yasiyo ya chumvi na kitambaa laini. Maji ya kisima chetu huacha magadi kwenye kioo. Kila miezi sita fundi akaze vichwa vya nyaya vya betri, maana hulegea kwa kupanuka na kusinyaa.

Muda wetu umekwisha na naona mikono imeshainuka. Walioleta tokeni na bili, ziwekeni hapa mezani, tuanze kuzipiga hesabu moja moja. Na yule ndugu aliyekuja na bei aliyoandikiwa jana, niletee hiyo karatasi, nione kama imeandikwa milimita za waya wa betri.